Nimeapa Nisimtaje Aliyeshona Bitana

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimesali, nimelia, nimeunguza chakula, na mume wangu ndiye aliyesema sasa mwandikie yule mtu wa gazetini, mimi masikio yangu yamejaa. Ila nakuomba usiichapishe barua hii mpaka mimi mwenyewe nikuruhusu, ukisoma mpaka mwisho utaona sababu.

Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia njiani lakini kusoma na kuandika Mungu amenijalia, na kazi yangu ni kushona mito na mapazia hapa hapa sebuleni, cherehani iko dirishani, vitambaa viko kwenye makochi, na mgeni akija anakalia kazi za watu. Kwenye simu niko katika kundi la akina mama washonaji, tumetawanyika huku na huko, wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso, na kila baada ya miezi michache tunapeana zawadi tulizozishona wenyewe, mwenyekiti anaandika majina, anayatia kwenye kopo, anachomoa, halafu anakutumia pembeni jina la mtu wa kumshonea na wewe unakaa na siri yako mpaka kifurushi kimfikie mwenzako. Humo tunaitana kwa majina ya utani, mimi ni Mama Mito, mwenyekiti wetu ni Mama Rula kwa sababu alifundisha ushonaji shuleni miaka mingi na mpaka leo mshono ukipinda kidogo anauona hata kwenye picha ya gizani, na rafiki yangu ambaye habari hizi ni zake ni Mama Pindo, kwa kuwa mapindo yake, mshauri, ukiyaona utadhani kitambaa kilizaliwa hivyo.

Sheria yetu kubwa ni kwamba zawadi uishone mwenyewe, usinunue dukani na usimpe fundi akushonee, na atakayefanya hivyo anatolewa kwenye kundi, wala hakuna kubembelezana. Tena tuna desturi ambayo mtu wa nje akiisikia anacheka, tunaiita kugeuza, yaani zawadi ikifika unaipiga picha kwa nje, halafu unaigeuza ndani nje unaipiga tena, unatuma zote mbili, kwa sababu kwa nje mtu anaweza kupamba akakufunga macho, lakini ndani ndiko unakoona nyuzi zilivyofungwa na kingo zilivyozibwa, na wenzako wanakusifu au wanakufundisha. Mume wangu anasema sisi ni watu wa kwanza duniani kupeana zawadi na kuzipeleka maabara.

Basi safari hii kilichonifikia kilikuwa mkoba, na nilipoona maua yaliyodariziwa mbele nilijua hata bila kusoma jina kwamba umetoka kwa Mama Pindo, nikaubusu, sioni aibu kukuambia. Huyu ndiye aliyenishika mama yangu alipofariki, kila asubuhi alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, "Umeamka, dada? Umekula? Haya, shona hata mstari mmoja, kesho utashona miwili," na yeye mwenyewe ana mzigo wake, anamuuguza mama mkwe aliyelala kitandani, hatoki, hata chumvi anaagiza, soga zake zote na vicheko vyake vyote viko kwenye lile kundi, ukimtoa humo amebaki na kuta. Kwa furaha nikaupiga picha kwa nje, nikaugeuza, nikapiga ndani, nikatuma zote mbili bila kuangalia vizuri, nikakimbilia jikoni maana sufuria lilikuwa linafoka.

Niliporudi simu ilikuwa inatetemeka mezani kama ina homa. Ndipo na mimi nikautazama mkoba. Bitana yake, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi mnene, mishono mirefu kama ya gunia, kila hatua mbili tatu kuna fundo, na pembeni kuna doa la mafuta lenye alama ya kidole gumba, kubwa. Nje malaika, ndani turubai.

"Jamani, huyu siye Mama Pindo tunayemjua," mmoja ameandika.

"Hiyo bitana imeshonwa au imefungwa kamba?"

"Na hilo doa ni dawa ya viatu. Hii kazi kapewa fundi viatu, mimi nawaambia, tena alikuwa na haraka zake."

Wakacheka wee, wakaweka vikatuni vya watu wanaogaagaa chini, na mwisho Mama Rula akaingia, na yeye akiingia watu hunyamaza, akaandika, "Mama Pindo, bitana hii umeishona wewe?" Tukaona Mama Pindo anaandika, anaacha, anaandika, anaacha, halafu yakatokea maneno matatu tu, "Sina la kusema." Mama Rula akajibu, "Basi Jumamosi jioni tutaongea wote kwa simu. Ukija bila maelezo, sheria unaijua."

Nikatoka nje nikampigia Mama Pindo, akapokea kwa kunong'ona.

"Dada, mkono wangu wa kulia umevunjika."

"Mungu wangu! Lini?"

"Niliteleza bafuni nikimwogesha mama. Nimefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Kwa nje mkoba nilikuwa nimeshaumaliza, ndani bado, na siku ya kutuma ndiyo hiyo."

"Sasa bitana kashona nani?"

Akazidi kushusha sauti, akasema, "Baba watoto."

Mshauri, huyo baba ni mkuu wa gereji ya malori, mtu mkubwa, namjua kwa picha, anakaa kwenye kiti kinapotea. Mama Pindo anasema alikuwa anataka kumwandikia Mama Rula aombe muda, mumewe akamwambia, "Mtu anakusubiri huko wewe unamtumia visingizio? Lete hiyo sindano. Viti vya malori nimeshona, mkoba ndio utanishinda?" Akaja na uzi wake wa gereji, akakaa karibu na kitanda cha mama yake, mke anaelekeza mume anashona, mke anasema shona fupi fupi, mume anasema fupi itakatika, mke anasema vuta taratibu, mume anasema mbona hii sindano inanichoma mimi tu, mpaka yule bibi kitandani akacheka, na alikuwa na siku nyingi hajacheka. Nilipomsikia anasimulia hivyo nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Lakini akaniambia, "Hataki ijulikane. Pale gereji kuna mwenzao alionekana anamsuka binti yake nywele, mpaka leo wanamwita Saluni, hata wateja wanamwita Saluni. Niapie, dada, hutamwambia mtu yeyote kwenye kundi." Nami nikaapa kwa jina la Mungu, papo hapo, sikujipa hata nafasi ya kumeza mate.

"Sasa Jumamosi utasema nini?"

"Sitasema kitu. Wanitoe. Bora nitoke mimi kuliko mume wangu achekwe kwa kunisaidia. Ngoja, anakuja," akakata.

Kesho yake Mama Rula akanipigia. "Mama Mito, wewe ndiye uliyepewa, neno lako ndilo lenye uzito. Jumamosi nitakuuliza mbele ya wote, unaamini zawadi hii Mama Pindo ameishona mwenyewe? Ndiyo au hapana."

"Na nikikaa kimya, mwalimu?"

"Ukikaa kimya nitajua umesema hapana."

Sasa mimi niko katikati, sina mbele sina nyuma. Nikisema ndiyo nimedanganya, nikisema hapana nimemuuza rafiki yangu, nikieleza ukweli wote nimekivunja kiapo nilichoapa kwa jina la Mungu. Wewe nimekuandikia kwa sababu si mtu wa kundi letu, hapo nilijipima sana, na mume wangu nimemweleza ugomvi tu, habari ya nani ameshika sindano sikumgusia. Na nikuambie na hili, jana nilichukua kile kidude cha kufumulia nyuzi nikasema nitaifumua bitana yote, niishone upya vizuri, nipige picha nyingine, niwaambie ile ya kwanza nilichanganya na mkoba mwingine. Nilifumua fundo moja. Moja tu, tena lilinitoa jasho kwa jinsi yule baba alivyolikaza, nikaacha, nikaenda kusali na hata sala yenyewe haikupanda. Picha niliituma mimi, mshauri, kwa mkono wangu, kama ningeutazama mkoba kwanza leo haya yote yasingekuwepo. Nifanyeje?

Ni mimi msomaji wako,
Mama Mito

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Mito, nimekuzidi, tena sana. Barua yako nimeiruhusu ipite mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Kwanza, hicho kidude cha kufumulia kiweke mahali ambapo hutakiona. Katika yote uliyoniandikia, hilo fundo ndilo kosa lako la kweli. Picha ulituma kwa kufuata desturi yenu. Ulifanya haraka, utamwomba mwenzako radhi kwa haraka hiyo, yaishe, usijitandike mwenyewe kila siku. Lakini kufumua kazi ya mtu aliyeketi na sindano inayomchoma ili mkewe asiaibike, halafu upige picha ya uongo juu yake? Hapana, mama. Sala iligoma kupanda kwa sababu unajua. Lirudishe fundo hilo leo, ulikaze kama alivyolikaza yeye.

Pili, kiapo kishike. Umemtaja Mungu, basi. Sitakupa ujanja wa kukizunguka.

Lakini sasa kaa vizuri, maana nakugombeza. Umeniambia Mama Pindo alipokea simu kwa kunong'ona, na mumewe alipokaribia akakata. Hukujiuliza kwa nini? Anayejua siri hiyo ni mumewe mwenyewe, sasa ananong'ona akimficha nani? Nimeipitia barua yako tena na tena nikitafuta mahali ambapo huyu baba anaambiwa kwamba mke wake anatolewa kwenye kundi kwa sababu ya ile bitana. Hapapo. Hajui! Mmekaa nyinyi wawili mnailinda heshima ya mwanamume mzima, mnalia, mnaapa, mnafumua mafundo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anasemaje. Aliomba asichekwe gereji. Hakuomba mke wake afukuzwe kwa ajili yake. Hayo ni mambo mawili, nyinyi mmeyashona pamoja.

Hebu fikiri alishika sindano kwa nini. Si alisema mwenyewe? Mtu anakusubiri huko. Alitaka ahadi ya mkewe kwenu itimie. Leo ahadi hiyo hiyo inamtoa mkewe nje, na yeye yuko chumba cha pili anakunywa chai yake, hana habari. Akija kujua baadaye, unadhani atashukuru?

Kwa hiyo mpigie Mama Pindo leo, saa ambazo mume yuko kazini, ili aongee kwa sauti yake. Mwombe radhi kwa ile picha. Kisha mwambie, "Dada, kiapo nimekishika na nitakishika, lakini jioni hii mweleze baba watoto yote, pamoja na habari ya Jumamosi inayokuja." Akikuambia atakasirika, mwambie akasirike, ana haki, ila akasirike akiwa anajua. Siri ni ya yule baba. Kuifungua au kuifunga ni kazi yake, si yako wala si ya mkewe peke yake.

Na Mama Pindo umfikishie kwamba na yeye nimemgombeza. Ujumbe mmoja kwa mwenyekiti, mkono umevunjika, nimesaidiwa bitana nyumbani, ungeyamaliza haya kabla hayajaanza. Kuvunjika mkono si aibu. Anamuuguza mtu mzima kitandani kwa mkono mmoja na bado anaona haya kuomba msaada. Hiyo mwambie ni jeuri, hata kama imevaa nguo za upole.

Baba akikubali isemwe, Mama Pindo aiseme mwenyewe Jumamosi kwa mdomo wake, na akina mama waombwe iishie humo humo. Gereji haiko kwenye kundi lenu.

Baba akikataa, basi wewe usiseme ndiyo na usiseme hapana. Mwenyekiti ana haki ya kukuuliza, lakini hawezi kukuchagulia maneno ya kinywani mwako. Sema hivi, polepole, na ukimaliza unyamaze: "Kwa nje ni mkono wa Mama Pindo. Ndani alisaidiwa, kwa sababu ninayoijua na nisiyoruhusiwa kuisema. Hakununua kitu, hakumpa kazi fundi yeyote. Mimi niliyepewa sina lalamiko." Hapo hujadanganya, hujamuuza mtu, na kiapo chako kiko palepale. Lakini maneno hayo msomee Mama Pindo kwanza, asikie kila neno, yeye na mumewe wakubali. Usije ukamshtukizia tena mbele ya watu.

Kisha kabla ya Jumamosi mtafute Mama Rula pembeni, ninyi wawili tu. Mwalimu wa miaka mingi ukimpinga mbele ya darasa atang'ang'ania hata asichokitaka. Ukimwendea peke yake atakusikiliza. Usimwambie siri. Muulize tu ile sheria iliwekwa kuzuia nini. Atakuambia ni kuzuia watu kununua vitu madukani na kujifanya wameshona. Basi mwombe aongeze maneno machache: anayeumia au anayeuguza anaweza kusaidiwa na mtu wa nyumbani mwake, mradi amwarifu mwenyekiti mapema. Mwalimu anayependa sheria hawezi kukataa sheria iliyoandikwa vizuri.

Na ukiona amelainika, mwambie na hili kutoka kwangu, na nyote mlisikie. Kundi zima la washonaji, mnaoona mshono uliopinda kwenye picha ya gizani, mkaletewa bitana ambayo kila aliyeshika sindano angejua haikushonwa na mkono wa Mama Pindo. Mkataja fundi viatu, mkataja dawa ya viatu, mkagaagaa chini kwa kicheko. Hakuna hata mmoja wenu, wewe ukiwemo mpaka ulipotoka nje na simu, aliyeuliza: dada, mkono wako una nini? Desturi yenu ya kugeuza ni nzuri, endeleeni nayo. Ila siku nyingine mkiona ndani kumeharibika, mpigieni simu aliyeshona kabla ya kupigiana kelele.

Mwisho, huo mkoba usiuweke kabatini kama kitu cha ushahidi. Utie begani kesho uende nao sokoni, uujaze viazi, uujaze chochote, upite nao mbele za watu. Kwa uzi wa viti vya malori utakuzika huo. Mungu akupe maneno Jumamosi, na akikupa machache, tumia hayo machache.

Kutoka kwa mhariri: Jibu hili Mama Mito alisomewa kwa simu siku mbili kabla ya ile Jumamosi. Barua na jibu vinachapishwa sasa kwa ruhusa yake, ya Mama Pindo, ya Mama Rula mwenyekiti wa kundi, na ya mkuu wa gereji, ambaye amepiga simu ofisini kwetu mwenyewe kuuliza kama kuna msomaji yeyote anayejua njia rahisi ya kutia zipu.